Ukipenda, chongo huita kengeza: barua ya wazi kwa wahariri wa uhakiki wa gemu

Kwa:
Wahariri wakuu wa majarida na tovuti za uhakiki wa gemu,
Wasimamizi wa tovuti zinazokusanya alama na kutoa wastani.

Nakala: Wahakiki wa gemu wa Kiswahili, wa maandishi na wa video.

YAH: HISIA ZA ZILIPENDWA KATIKA ALAMA ZA GEMU ZENYE MATOLEO MENGI

Waheshimiwa Wahariri,

Tunaanza kwa salamu na kwa kuheshimu kazi yenu. Kuimaliza gemu ya saa 60 kwa siku chache, kisha kuandika maneno 1,500 usiku wa kuamkia siku ya kuchapisha, si mzaha. Tumewaandikia kwa faragha zaidi ya mara moja, kupitia anwani ambazo wenyewe mmeziweka kwa ajili ya malalamiko. Tulipokea shukrani zilizoandikwa na kompyuta, kisha kimya. Ndiyo maana leo tunazungumza barazani, kila mtu akisikia.

Dai letu ni moja. Mnapohakiki toleo jipya la gemu yenye historia ndefu, sehemu ya alama mnayotoa huwa ni ya kumbukumbu ya mhakiki wala si ya gemu iliyo mezani, na hamtuambii ni sehemu kiasi gani. Hatusemi kumbukumbu ni haramu. Redioni mtangazaji akipiga zilipendwa, yeye anajua na msikilizaji anajua, maana kipindi kina jina lake. Nyinyi mnazipiga katikati ya taarifa ya habari.

Hoja ya 1: Gemu ileile, imerekebishwa, alama zimeshuka

The Legend of Zelda: Skyward Sword ilitoka kwenye Wii, mashine ya Nintendo, Novemba 2011, mwaka ambao mfululizo wa Zelda, ulioanza 1986, ulikuwa ukitimiza miaka 25. Wastani wake kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, ni 93 kati ya 100. Julai 2021 ikatoka tena kwenye Switch, mashine ya baadaye ya Nintendo, ikiwa imeng'arishwa. Ikapata 81.

Tazameni kilichobadilika kati ya matoleo hayo mawili. Fremu, yaani picha zinazopita kwenye skrini, zilipanda kutoka 30 kwa sekunde hadi 60. Toleo la Wii lilimlazimisha mchezaji kupunga mkono akiwa na pedi yenye Wii MotionPlus (kifaa cha kuhisi mwendo wa mkono), lakini la Switch linamruhusu kuelekeza upanga kwa kijiti cha kulia. Fi, yule roho wa upanga aliyezoea kukatiza mchezo ili kukueleza jambo ambalo umeshaliona kwa macho yako, alipunguziwa maneno. Mazungumzo yakaweza kuharakishwa. Kwenye Wii, kila ulipowasha mashine upya na kuokota mdudu uliyemwokota jana, maelezo yake yalijitokeza tena kana kwamba hamjawahi kuonana. Hilo nalo likaondolewa. Mchezo ukaanza kujihifadhi wenyewe. Yaani sehemu kubwa ya yale yaliyolalamikiwa ilirekebishwa, na alama zikapungua 12.

Tunajua mtakachosema. Bei ilikuwa dola 60 kwa gemu ya miaka 10. Katikati hapo ilikuwa imetoka Breath of the Wild (2017, wastani 97), nayo ikapandisha kipimo cha Zelda zote. Ni kweli tupu. Lakini majibu hayo yanaeleza kwa nini 2021 alama zilikuwa chache. Hayaelezi 93 ya 2011 ilikuwa inapima nini. Lile dude linaloitwa The Imprisoned, ambalo mchezaji hulazimika kupigana nalo mara tatu kwa namna inayofanana, lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Kurudishwa kwenye maeneo yaleyale kulikuwepo. Fi na porojo zake walikuwepo. Tovuti ya uhakiki ya GameSpot iliyaona hayo mwaka huohuo ikatoa 7.5 kati ya 10, na mashabiki wakaja juu kana kwamba kuna mtu ametukana dini.

Mfano wa pili ni Perfect Dark: 97 kwenye Nintendo 64 mwaka 2000, 79 kwenye Xbox 360 mwaka 2010. Ya kwanza ilikuwa ikikwama kila milipuko ilipozidi, na ya pili ikaenda fremu 60 bila kusuasua. Hapa mapenzi ya zamani yalikwisha kupoa, kwa hiyo kasoro zilezile zikaonekana kwa jina lake halisi. Ukipenda, chongo huita kengeza. Miaka 10 baadaye, chongo ni chongo.

Kwa haki, tunakiri kwamba mifano miwili haitoshi kuhukumu. Wahakiki walibadilika, bei zilibadilika, na gemu zilizoizunguka kila moja zilibadilika. Ndiyo maana mbele tutaomba vipimo badala ya kuomba radhi.

Hoja ya 2: Kumbukumbu ni ya nani?

Hili linatugusa sisi zaidi. Kwenye mabanda ya gemu ya Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, zilipendwa ni Winning Eleven, Tekken 3 na GTA: San Andreas. Zelda kwa wengi wetu ni jina la kusomwa. Mhakiki wenu anaposamehe kasoro kwa sababu sauti ya okarina (filimbi ya shujaa wa Zelda) imemrudisha sebuleni kwao mwaka 1998, msomaji wa Tanga anayetoa dola 60 au 70 hana sebule hiyo. Anabaki na kasoro peke yake.

Na hata pale ambapo gemu ni ileile, kumbukumbu hazilingani. Runinga za kwetu, kama za sehemu kubwa ya Ulaya, zilitumia mfumo wa PAL wa mizunguko 50 kwa sekunde. Marekani na Japani walitumia NTSC wa takriban 60. Enzi za PlayStation ya kwanza, watengenezaji wengi walizihamisha gemu zao kwenda PAL bila kurekebisha kasi, kwa hiyo zikawa zinatembea polepole kwa takriban asilimia 17. Kwetu mambo yalichanganyika zaidi, kwa kuwa diski nyingi za mitaani zilikuwa nakala, na nakala nyingine zilitoka kwenye toleo la Marekani. Banda moja lingeweza kuwa na Tekken mbili za kasi mbili, na kila mteja akaapa kwamba ya kwake ndiyo halisi.

Desemba 2018 Sony ilitoa PlayStation Classic, kisanduku kidogo chenye gemu 20 ndani. Tisa kati ya hizo zilikuwa za PAL, Tekken 3 ikiwa mojawapo. Mchezaji wa Marekani aligundua mara moja kwamba vidole vyake vinatangulia skrini. Aliyekulia na diski ya PAL angeweza kucheza wiki nzima asione tatizo lolote, maana hiyo ndiyo kasi aliyoizoea. Wote wawili wanahukumu kwa kumbukumbu, ila ya mmoja ndiyo inayolingana na gemu jinsi ilivyobuniwa. Uhakiki usiposema mhakiki alikulia na toleo lipi, sentensi "inahisi vilevile kama zamani" haina kazi kwa msomaji.

Hoja ya 3: Kumbukumbu hulitambua jeraha, hukosea kisu

Msidhani tunalalamikia alama za juu tu. Zilipendwa huadhibu pia, na zikiadhibu huwa hazijui kueleza kwa nini.

Novemba 2021 zilitoka GTA III, Vice City na San Andreas katika kifurushi kimoja kilichong'arishwa. Toleo la Switch liliangukia wastani wa chini ya 50, na kampuni yake, Rockstar, wakaomba radhi hadharani. Kasoro nyingi zilionekana kwa macho ya mtu yeyote, mgeni au mwenyeji. Mvua ilikuwa mistari myeupe inayoziba barabara, mabango yaliandikwa kwa herufi zilizokosewa, na sura za watu zilikuwa kama za sanamu za plastiki. Lakini lalamiko lililorudiwa kuliko yote kuhusu San Andreas lilikuwa kwamba "imepoteza roho", na hapo mhakiki anayetegemea kumbukumbu huishiwa maneno.

Sababu inaweza kutajwa kwa uhakika. PlayStation 2, ambako San Andreas ilianzia, ilikuwa na kumbukumbu kuu (RAM) ya megabaiti 32. Haikuweza kuchora ramani nzima kwa wakati mmoja, kwa hiyo watengenezaji wakaweka ukungu na vumbi la rangi ya machungwa ili kuficha mahali ambapo dunia inaishia. Ukungu huo ndio uliofanya safari ya kutoka Los Santos hadi Las Venturas ionekane ndefu. Walipouondoa mwaka 2021, ukipanda ndege uliiona miji yote mitatu ikiwa imepangana kama vyombo kabatini. Ramani haikupungua hata mita moja. Novemba 2024 kiraka, yaani sasisho la kurekebisha gemu, kikarudisha mwanga wa mtindo wa zamani, na malalamiko mengi ya "roho" yakapungua. Mhakiki ambaye angeweka matoleo mawili sambamba na kusimama mahali palepale, saa ileile ya mchezo, angelieleza hili siku ya kwanza.

Crash Bandicoot N. Sane Trilogy, ya mwaka 2017, ni funzo la aina hiyohiyo. Watu waliteleza kwenye kingo za majukwaa ambako hawakukumbuka kuteleza, na wengi wakadhani vidole vimezeeka. Baadaye watengenezaji wakaeleza wenyewe kwamba umbo lisiloonekana linalotumika kupima kama Crash amegusa kitu lilikuwa la mviringo kama kidonge, hivyo akitua ukingoni hujiviringisha na kuanguka; na kwamba mwenendo wa kuruka ulichukuliwa kwenye gemu ya tatu ukatumika katika zote tatu. Wale walioandika "gemu za zamani zilikuwa ngumu, ninyi mmesahau tu" walikosea, na sio kwa kukosa mapenzi. Walikosa kuzicheza zote mbili wiki moja.

Hoja ya 4: Mnampa nani kazi

Kila chumba cha habari kina "mtu wa Final Fantasy", "mtu wa Resident Evil", "mtu wa Pokémon". Sababu yenu inaeleweka, kwa kuwa anayeujua mfululizo huandika haraka na hakosei majina. Lakini fikirini kinachotokea matoleo manane baadaye. Aliyechoka na mfululizo huo ameshaomba kazi nyingine. Aliyeuchukia hakupewa kamwe. Anayebaki ni yule ambaye mapenzi yake yamestahimili matoleo yote, yaani mmechuja wahakiki kwa kigezo cha kupenda, kisha mnashangaa wote wanapenda. Hakuna aliyedanganya hapo, ni mchujo wenyewe.

Matokeo yake huonekana gemu inapoandikwa kwa ajili ya wenyeji tu. Final Fantasy VII Remake ya 2020 (wastani 87) inachukua mji wa Midgar, ambao katika gemu ya 1997 ulikuwa saa chache za mwanzo, na kuutandaza kuwa gemu kamili ya makumi ya saa. Mwisho wake unategemea mchezaji kujua kilichotokea mwaka 1997. Asiyejua huona vivuli vyenye kofia vikipigania jambo lisiloeleweka. Kwa mwenyeji ni uamuzi wa kishujaa. Kwa mgeni ni saa mbili za mkanganyiko. Vyote viwili ni kweli, na nambari moja haiwezi kuvibeba.

Kwenye soka hali ni kinyume kabisa, na kinyume hicho kinatusaidia. Gemu za mpira hutoka kila mwaka, hivyo kumbukumbu haipati muda wa kuwa tamu. FIFA 21 ilipotoka kwenye Switch bila mabadiliko ya maana, tovuti ya IGN walichapisha upya uhakiki wao wa mwaka uliotangulia na kuipa 2 kati ya 10. Hakuna aliyeandika kwamba muziki wa menyu ulimtoa machozi. Na eFootball 2022, mrithi wa PES (ndiyo Winning Eleven kwa jina lingine), ilipotoka Septemba 2021 ikiwa haijaiva, wachezaji kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, waliikataa kwa wingi usio wa kawaida, hata wale waliokulia Winning Eleven. Mnajua basi jinsi ya kuhakiki bila haya. Tunataka ukali huohuo kwa mashujaa wenye pango, upanga na wimbo mzuri.

Hoja ya 5: Hofu

Hii ni fupi. Mhakiki mmoja alipoipa Breath of the Wild 7 kati ya 10, tovuti yake ilishambuliwa hadi ikalemewa. Mnajua hivyo, na waandishi wenu wanajua. Kumtuma kijana wa mkataba ahakiki gemu ya namna hiyo peke yake, kwa jina lake, huku mkijua kinachomngoja akitoa 7, ni kumwelekeza atoe 9 bila kumtamkia.

Hoja ya 6: Wastani unaoficha

Sasa tunawageukia wasimamizi wa tovuti za wastani.

Ocarina of Time ya 1998 ina 99 kwenye Metacritic, na huongoza orodha za "gemu bora za wakati wote". Metacritic yenyewe ilianza 2001, kwa hiyo hakiki za 1998 zilikusanywa baada ya tukio. Ni 22. Breath of the Wild ina zaidi ya 100. Kundi dogo hutoa vilele na mabonde, kundi kubwa huvutwa katikati. Rusheni sarafu mara 4 na uwezekano wa kupata vichwa vitupu ni mmoja kati ya 16. Irusheni mara 20, ni mmoja kati ya zaidi ya milioni moja. Kuweka nambari hizo mbili katika ngazi moja, bila kuandika 22 kwa herufi zinazoonekana, ni kuyapa ya kale faida ambayo gemu ya leo haiwezi kuipata hata ikiwa bora zaidi. Hatudai kwamba Ocarina haistahili sifa zake. Famitsu ya Japani, yenye wahakiki wanne wanaotoa 10 kila mmoja, iliipa 40 kamili, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya jarida hilo. Tunachosema ni kwamba 99 ile na 97 hii si rula moja.

Pili, Metacritic hutumia wastani wenye mizani. Baadhi ya majarida huhesabiwa zaidi ya mengine, na uzito wa kila jarida hautangazwi. OpenCritic, tovuti nyingine ya wastani, huchukua wastani wa kawaida, kwa hiyo inawezekana kuishi bila siri hiyo. Tatu, filamu hupata rangi ya kijani kuanzia 61, gemu kuanzia 75. Ninyi wenyewe mmekiri, kwa rangi, kwamba alama za gemu zimepandishwa zikarundikana juu. Zikisharundikana, tofauti kati ya 84 na 91 inabebwa na vitu vidogo, na hisia ya zamani ni kitu kidogo cha kutosha.

Msituambie alama ni burudani. Fallout: New Vegas ya 2010, iliyojaa hitilafu siku ilipotoka, ilipata 84, na watengenezaji wake walikuwa wameahidiwa bonasi endapo ingefika 85. Alama moja ikala bonasi ya watu.

Visingizio tunavyovitarajia

"Uhakiki ni maoni." Ndiyo. Maoni huwa na mwenyewe, na mwenyewe huwa na historia. Iandikeni.

"Mgeni hana uwezo wa kuhakiki toleo la nane." Kwa baadhi ya gemu hilo ni sahihi kabisa. Kwenye Tekken, mgeni hawezi kujua kwamba pigo fulani limechelewa fremu mbili kuliko toleo lililopita, na fremu mbili katika 60 ndizo zinazoamua nani anapigwa. Hatuombi mgeni badala ya mwenyeji. Tunaomba wote wawili.

"Hatuna bajeti." Sehemu kubwa ya tunayoyaomba hapa chini inagharimu simu, karatasi na alasiri moja.

"Wasomaji ndio wanaotaka nambari." Basi wapeni nambari yenye maelezo.

Tunachoomba

(a) Kisanduku cha mistari minne juu ya kila uhakiki wa toleo la mfululizo: mwaka ambao mhakiki alianza kuucheza na kwenye mashine ipi, matoleo aliyoyamaliza, saa alizocheza toleo hili na kama alilimaliza, mashine, nambari ya toleo na ya kiraka. Mstari wa mwisho msiuruke. Gemu iliyohakikiwa kabla ya kiraka cha siku ya kwanza na ile anayoinunua msomaji zinaweza kuwa vitu viwili.

(b) Kwa gemu iliyong'arishwa au kutengenezwa upya, mhakiki acheze ya awali kwa saa 3 ndani ya wiki hiyohiyo, kabla ya kuandika alama. Achague hatua moja na kuicheza katika zote mbili. Apime muda wa kupakia. Kisha apime ucheleweshaji wa vitufe: simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde ielekezwe kwenye pedi na skrini kwa pamoja, abonyeze kitufe cha kuruka mara 10, ahesabu fremu kutoka kidole kinapogusa hadi mhusika anapotikisika. Kila fremu ni takriban milisekunde 4. Achukue thamani ya katikati, asichukue bora.

Kosa la kawaida hapa ni runinga. Ya kisasa ikiachwa bila hali ya gemu huongeza makumi ya milisekunde kwa kusafisha picha, na mashine ya zamani yenye waya wa rangi tatu huumia zaidi kwa sababu runinga inalazimika kuikuza picha yake. Mhakiki akizisahau hizo, ataandika kwamba ya zamani ilikuwa nzito, kumbe nzito ni runinga. Mwenye runinga ya kioo kinene aitumie kwa ile ya awali, na aandike hivyo. Na ahakikishe nakala aliyonayo ni PAL au NTSC kabla ya kusema lolote kuhusu kasi.

(c) Saa moja bila muziki. Muziki ndio mlango wa haraka zaidi wa kumbukumbu, na watengenezaji wanajua, ndiyo maana wimbo wa zamani huwekwa dakika za mwanzo. Mhakiki acheze saa moja, katikati ya gemu wala si mwanzoni, sauti ya muziki ikiwa sifuri na ya vitendo ikibaki. Aandike kasoro anazoziona. Kisha arudishe muziki na kuendelea. Kasoro iliyoandikwa katika saa ile haifutwi baadaye kwa sababu wimbo umerudi. Gemu za mdundo haziwezi kupimwa hivi, hilo tunajua.

(d) Wahakiki wawili kwa kila toleo kubwa, mmoja aliyemaliza angalau matoleo mawili ya nyuma, mwingine asiyewahi. Kila mmoja aandike alama yake na kuifunga kabla hawajazungumza. Wakitofautiana pointi 2 au zaidi kati ya 10, chapisheni zote mbili, msitafute katikati. Tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe. Na majina yote mawili yakiwepo, hofu ya hoja ya 5 inagawanyika.

(e) Mhariri achukue aya zinazoeleza kasoro, afute jina la gemu, la wahusika na la kampuni, ampe mhariri mwenzake na kumwuliza: gemu hii ungeipa ngapi? Jibu likiwa chini ya alama ya mhakiki kwa zaidi ya pointi 1, rasimu irudi kwa mwandishi na swali moja tu: sababu ya kusamehe iko wapi kwenye maandishi? Huenda ipo na ni nzuri. Iandikwe.

(f) Wasimamizi wa wastani: tangazeni uzito wa kila jarida. Wekeni idadi ya hakiki kando ya alama kwa ukubwa uleule wa herufi. Tenganisheni gemu mpya, zilizong'arishwa na zilizotengenezwa upya katika orodha zake. Na onyesheni mtawanyiko, yaani wangapi walitoa 90, wangapi 70, wangapi 50, badala ya namba moja yenye rangi.

Katika haya yote, tukilazimika kuchagua moja tu, tunachagua (a). Inachukua dakika tano na haimvunjii mtu heshima.

Tunaomba majibu ndani ya siku 30 tangu barua hii kuchapishwa, yakieleza ni maombi yapi mnayakubali, yapi mnayakataa na kwa nini. Tutayatoa kama yalivyoandikwa, pamoja na tafsiri ya Kiswahili. Kwa wahakiki wa Kiswahili tuliowapa nakala, wengi wenu mnasoma alama za nje mbele ya kamera kama matokeo ya mtihani wa taifa. Kisanduku cha mistari minne mnaweza kukianza kwenye video ya wiki hii, bila kumsubiri mtu.

Wenu kwa heshima,

Wasomaji na wachezaji wa gemu wa Afrika Mashariki